Mtu wa Kukoroga Tu

Shemeji yangu alifungwa miaka kumi na tano kwa kosa la kutengeneza dawa za kulevya, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitafuta kwa mdomo wake mwenyewe.

Sisemi hivyo kwa chuki. Mume wa dada yangu hana ubaya wa kutisha, ana ubaya wa kuchosha. Ni mtu wa kufunga tai kabla hajapata shati. Kabla ya balaa alikuwa akitengeneza sabuni ya maji uani kwake na kuiuza kwenye chupa za soda, na kila mnunuzi aliondoka na chupa pamoja na somo: hiki kikikutana na kile, povu hupanda, na povu likipanda, uchafu hukosa pa kushika. Watu wa mtaa wakamwita Profesa. Walimwita kwa kumcheka. Yeye akalipokea jina kama mtu anayepokea shahada.

Kiwanda kilikuwa cha watu watatu. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa magodoro, mwenye maduka na tumbo, ambaye sote tunamwita Magodoro. Huyo alitoa mtaji na kukodi nyumba nyuma ya gereji. Wa pili ni kaka yetu, mtoto wa kiume pekee wa mama yetu, anayeitwa Breki kwa sababu gari lake la mizigo halikuwahi kuwa nazo. Breki alileta mapipa, na ndiye aliyeleta maarifa pia. Upishi ule aliuokota kwa jamaa mmoja waliyelala naye gesti moja safarini. Wa tatu ni Profesa, aliyeshika mwiko.

Mama aliambiwa wanafungua kiwanda cha unga.

"Wa mahindi au wa ngano?" mama akauliza.

"Mchanganyiko, mama," Breki akajibu.

Mama akawaombea kwa Mungu biashara ishamiri, na ikashamiri kweli. Ilishamiri mpaka Profesa alipokwenda kununua koti jeupe la daktari na miwani ya plastiki, akasimama mbele ya mapipa mkono kiunoni, akapigwa picha, na picha ile akaiweka kwenye simu yake, mahali ambapo kila mwenye namba yake angeiona. Chini yake aliandika neno moja: *Maabarani.* Miongoni mwa wenye namba yake alikuwemo askari polisi aliyekuwa mteja wake wa sabuni. Askari yule aliitazama picha, akaongeza ukubwa, akayasoma maandishi ya kwenye pipa. Somo la povu lilikuwa limemwingia.

Kesi ilipofika kwenye adhabu, kila mmoja alijitetea kwa kipaji chake. Magodoro alikuwa amekiri kosa tangu siku ya kwanza, akawataja wenzake kwa ukarimu mkubwa, na wakili wake akaleta vyeti vya daktari wa moyo. Alipewa minne, na kabla hajazoea uji wa gerezani moyo wake ukamtoa, akarudi dukani kwa sababu za kiafya. Breki alilia. Alisema yeye ni dereva tu, anabeba asichokijua, na mama akapanda kizimbani kuthibitisha kwamba mwanawe ni mzito wa kuelewa tangu utotoni. Alipewa tisa. Kisha jaji akamgeukia Profesa, akamuuliza kama ana lolote la kusema. Wakili wake wa wakati ule alimvuta mkono wa shati. Profesa akaunyofoa mkono, akasafisha koo.

"Mheshimiwa," alisema, "ningependa mahakama ielewe kwamba kazi ile haifanywi na mtu hivi hivi."

Jaji akainama, akaandika. Tuliiona kalamu ikitembea. Kumi na tano.

Dada yangu hakulia siku ile. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Tutakata rufaa," kama mtu anayesema tutapaka chokaa. Dada anafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na mahakama. Mashine zile mbili amezizoea kiasi kwamba anazisikia zikianza kukohoa kabla karatasi haijakwama. Mwenendo mzima wa kesi aliutolea nakala mwenyewe, na kila ukurasa uliotoka kwenye mashine aliusoma kabla haujapoa. Ndiyo maana wakili mpya alipokuja, yule tuliyepangiwa na serikali, alimkuta dada anaijua kesi kuliko waliohukumiwa.

Wakili mwenyewe alikuwa binti mdogo mwenye mafua, mkoba mzito, na viatu vya raba alivyovibadilisha kwa vya kisigino mlangoni. Alitukuta nyumbani kwa mama Jumamosi mchana. Tulimweka kwenye kiti kizuri, chenye kitambaa.

"Iko hivi," alisema, akipenga. "Watu waliotenda kosa moja hawatakiwi kupewa adhabu zilizoachana kama mbingu na ardhi, isipokuwa pawe na sababu. Mmoja kapata minne, mmoja tisa, mmoja kumi na tano. Tutauliza: sababu ni ipi? Kazi yangu ni kuonyesha kwamba mume wako hakuwazidi wenzake. Na ikiwezekana, kwamba alikuwa chini yao."

"Chini ya nani?" mama akauliza. Alikuwa anachambua mchele, na mkono ukasimama.

"Chini ya yule wa magodoro, mama. Na..." Wakili akapenga tena, ingawa sidhani kama palikuwa na kitu. "Na chini ya kijana wako."

"Mwanangu ni dereva."

"Ndivyo alivyosema, mama. Lakini kuna ushahidi kwamba yeye ndiye aliyejua upishi wenyewe."

"Upishi!" mama akasema. Ungo aliuweka chini. "Mwanangu mimi hajui kuchemsha yai. Mwanangu akiwekewa chai mezani anaita mtu aje amkorogee sukari. Leo awe mpishi?"

"Na mume wangu je?" dada akadakia. "Mume wangu aliwahi kuunguza maji. Maji, mama! Sufuria ikatoboka."

"Mume wako ana akili, ndiyo maana wanamwita Profesa."

"Wanamwita kwa kumcheka, na wewe ulikuwa wa kwanza!"

"Breki alirudia darasa la tatu mara mbili," mama akasema, kwa fahari.

"Mume wangu alidanganywa akanunua simu ya udongo. Imefungwa kwenye boksi, ya udongo, akaja nayo akaiweka chaji!"

Nilikaa katikati yao nikigeuza shingo huku na huku. Kwa miaka mingi mama alikuwa akimsifu mwanawe mpaka masikio yetu yanawasha, na dada akimsifu mumewe ili asishindwe. Siku ile walikuwa wanashindana kinyumenyume, kila mmoja akimburuza wake matopeni kwa upendo. Wakili alikuwa anaandika. Aliandika hata ile ya simu ya udongo.

Mwishowe mama akauliza kwa sauti ndogo, "Mkwe akishushiwa, mwanangu atapandishiwa?"

"Hapana, mama. Rufaa si yake. Yake inabaki tisa."

Mama akauinua ungo. "Basi semeni mnachotaka," alisema. "Ila msimwite mpishi mbele yangu."

Mama kukubali ilikuwa sehemu rahisi. Ngumu ilikuwa kwa Profesa mwenyewe.

Tulikwenda gerezani sote watatu: wakili, dada na mimi. Chumba cha wageni kina meza ndefu iliyokatwa katikati kwa wavu, na benchi ambazo zimeng'arishwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Profesa aliingia amechomekea shati la wafungwa. Gerezani walikuwa wanamheshimu. Mtu aliyepewa kumi na tano kwa kutengeneza, si kwa kuuza, alionekana fundi. Wafungwa walimwomba ushauri wa vipele, wa meno, wa betri za redio. Alitusalimia kama daktari anayepita wodini.

Wakili alimweleza mpango. Alipofika kwenye maneno "mtu wa kukoroga tu," Profesa akainua kidole.

"Samahani. Wa nini?"

"Wa kukoroga. Kwamba hukupanga, hukununua, hukujua mchanganyiko. Ulipewa mwiko ukakoroga."

"Binti yangu," Profesa akasema, "mimi niliongoza."

"Mzee wangu," wakili akajibu, na mafua yalikuwa yamempa sauti ya kijeshi, "kuongoza ni miaka kumi na tano. Kukoroga ni tisa. Chagua."

Profesa alimtazama dada. Dada alimtazama yeye. Kati ya watu waliooana muda mrefu kuna kutazamana ambako mtu wa tatu anatakiwa ageuze uso, nami niligeuza.

"Hiyo ni lugha ya kisheria tu?" Profesa akauliza.

"Lugha ya kisheria tu," wakili akasema.

"Basi andikeni. Lakini ijulikane kwamba moyoni nimepinga."

Siku ya kusikilizwa rufaa tulifika mapema, na Magodoro alikuwa ametutangulia. Hakuitwa, alikuja kusikiliza atasemwaje. Alikaa benchi la mbele, amejaa, anang'aa, amejiwekea mto mdogo chini kwa sababu mabenchi ya mahakama ni magumu na yeye ni mtu anayejua thamani ya sponji. Akasimama kumsalimia mama kwa heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Moyo unaendeleaje, baba?"

"Unapiga, mama. Tunashukuru, unapiga tu."

"Uendelee kupiga," mama akasema. Mpaka leo sijajua ilikuwa dua au laana.

Majaji walikuwa watatu. Wa kushoto alikuwa mzee aliyefumba macho ili kusikia vizuri zaidi. Wa kulia alikuwa anapekua faili kama anayetafuta risiti. Wa katikati, ndiye mkuu wao, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, ambaye alipoivua kila mtu alikaa vizuri.

Wakili wetu alizungumza. Mafua yalikuwa yamekwisha, na kumbe yalikuwa yameficha sauti nzuri. Alisema mrufani hakutoa senti, hakukodi nyumba, hakununua pipa. Alisoma ripoti ya mkemia wa serikali: unga uliokamatwa ulikuwa na dawa kidogo sana, na sehemu iliyobaki ilikuwa wanga, chumvi, na kitu ambacho mkemia, baada ya kupima mara ya pili kwa kutoamini, alikitambua kuwa sabuni. "Waheshimiwa majaji," alisema, "je, hii ni kazi ya mtaalamu?"

Watu wakacheka chinichini. Niliona shingo ya Profesa, pale alipokaa na askari wake, ikianza kuvimba.

Wakili wa serikali akasimama, mwanamume mrefu aliyechoka. Akaionyesha ile picha. Koti jeupe. Miwani. Mkono kiunoni. Akasoma yale maneno: kazi ile haifanywi na mtu hivi hivi. "Mrufani mwenyewe alijitambulisha kama mtaalamu, waheshimiwa. Sisi tulimwamini tu. Na kama unga ulikuwa dhaifu, walioutumia hawakuambiwa."

Jaji mkuu akamtazama wakili wetu. "Una la kuongeza?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Mimi ninalo," Profesa akasema.

Wakili alifumba macho. Dada alinishika paja, kucha zikaingia. Profesa alikuwa ameshasimama.

"Kwa heshima na taadhima," alianza, "nimesikia ripoti ile, na naomba ieleweke kwamba siku zile umeme ulikuwa unakatika. Joto likishuka, kitu hakishiki. Mzigo wa kwanza ulikuwa mzuri kabisa. Huo uliopimwa ni wa siku mbaya."

Jaji wa kushoto alifumbua macho. Jaji wa kulia aliacha kupekua. Mto wa Magodoro ulilia kidogo alipoinama mbele asikie vizuri.

Jaji mkuu alivua miwani.

"Kwa hiyo unatuambia ulikuwa unajua unachofanya."

"Kwa kiwango cha juu, mheshimiwa."

"Vizuri. Nisaidie mimi nisiyejua. Kwenye sufuria mlianza kwa kuweka nini?"

"Tulianza na... tulianza na kile cha pipa la bluu."

"Kinaitwaje?"

Profesa alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Niliyaona macho yake yakipanda darini na kushuka, kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wake mwenyewe akipapasa mfuko mmoja baada ya mwingine.

"Kina jina refu," alisema.

"Tuna muda."

"Sisi tulikuwa tunakiita... cha bluu."

"Na baada ya cha bluu?"

"Baada yake cha madumu. Madumu meupe. Shemeji alikuwa anasema, sasa, basi namimina."

"Anasema nini?"

"Anasema, 'Sasa.'"

"Na asiposema?"

"Nakoroga, mheshimiwa, nikisubiri aseme."

Jaji wa kushoto, yule mzee, alitoa leso akajifuta mdomo nayo muda mrefu kupita inavyohitajika, na hapo ndipo mahakama ilipopasuka. Karani alicheka. Askari aliyemlinda Profesa alicheka. Magodoro alicheka mpaka akashika kifua, na mama akamtazama kwa matumaini. Dada peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mkoba. Mumewe alikuwa amesimama kutetea ukubwa wake, na kwa majibu machache alikuwa ameshinda rufaa.

Wakili wetu, mkono mdomoni, alisema: "Waheshimiwa, sina la kuongeza zaidi ya hilo."

Uamuzi uliahirishwa. Wiki zile za kusubiri nilizimalizia saluni kwangu, nikisimulia. Sifichi: nilikuwa nasimulia vizuri. Nilikuwa naigiza sauti ya jaji, naigiza "Sasa," naigiza mama na moyo wa Magodoro. Wateja walikuwa wanashika mbavu chini ya draya. Mpaka asubuhi moja, nikiwa namsuka mama mmoja ninayemfahamu tangu zamani, mwuza mboga, mtu wa utani. Nikafika pale kwenye sabuni. Yeye peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo ulikuwa dhaifu?" aliniuliza. "Ule unga wa nyuma ya gereji?"

"Dhaifu kabisa. Wanga mtupu."

"Mwanangu wa kike alikuwa ananunua pale," alisema. Alikuwa anajitazama kwenye kioo, si kunitazama mimi. "Aliuza vitanda, akauza hadi mlango wa choo. Sasa hivi yuko kwa wanaomtibu, hasemi. Basi ukimwona shemeji yako umwambie asante. Angekuwa fundi kweli, ningekuwa nimeshamzika."

Nilimaliza kumsuka. Alipotaka kulipa nilikataa, akaniwekea pesa juu ya meza na kuondoka. Tangu siku ile nimesimulia mara chache, na nikisimulia simwachi yeye nje. Katika ubishi wetu wote, nani alikoroga, nani alimimina, nani alisema "Sasa," hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza unga ule ulikuwa unakwenda kwa nani. Sisi tulikuwa tunahesabu miaka ya watu wetu.

Siku ya uamuzi jaji mkuu alisoma mwenyewe. Alisema mahakama ya chini ilikosea kumchukua mrufani kama mtaalamu kwa sababu tu mrufani alijichukua hivyo. Alisema kujisifu si ushahidi, kungekuwa ushahidi magereza yangejaa mabingwa. Alisema kwamba kwa kadiri mahakama ilivyoona kwa macho yake, mrufani alikuwa "mtu wa kukoroga tu, aliyekoroga kwa amri, asijue anachokoroga," na kwamba hakuna sababu ya kumzidishia adhabu kuliko shemeji yake aliyekuwa akimwelekeza. Miaka kumi na tano ikafutwa. Ikawekwa tisa.

Halafu akafika kwa Magodoro. Wakili wetu alikuwa ameomba pia ulinganisho na ile minne. Jaji mkuu akaivaa miwani, akaivua. Alisema adhabu ile imewashangaza. Alisema mtu yule alikiri mapema na kutoa msaada, na hilo linahesabika, lakini hata baada ya kulihesabu bado wameshangaa. Hata hivyo hakuna aliyeikatia rufaa mbele yao, na kosa la kumhurumia mmoja kupita kiasi haligawiwi kwa wenzake kama pilipili mezani. Kwa hiyo wanashangaa, na wanaishia hapo.

Magodoro aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubaliana na hoja nzito. Akachukua mto wake, akatoka. Nje alimkuta wakili wetu anabadilisha viatu kwenye ngazi, akampongeza kwa kazi nzuri, akamwachia kadi ya duka.

"Tunashona na makochi," alimwambia.

Kukiri mapema ni jambo jema, wala sibishi. Ila nimeona kwamba ili ukiri mapema ni lazima uamshwe na mtu anayeijua sheria kabla polisi hawajamaliza kuvunja mlango, na mtu wa namna hiyo halali kwenye nyumba za watu wa kukoroga.

Mama aliridhika. "Tisa na tisa," alisema njia nzima. "Sasa wamekuwa sawa. Hakuna wa kumcheka mwenzake." Breki, alipopelekewa habari, inasemekana alinuna siku nzima kwa kuwa sasa ilikuwa imeandikwa na majaji watatu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akielekeza, naye alikuwa hajawahi kuulizwa jina la cha bluu, ilhali analijua.

Tulikwenda kumwona Profesa mwezi uliofuata, dada na mimi. Nilitarajia kumkuta anacheka. Alikuja hajachomekea shati. Alikaa, akaweka viganja mezani.

"Wananiita Mwiko," alisema.

Habari za hukumu zilikuwa zimefika kabla yake. Vipele hawakumletea tena, wala meno. Hata betri walikuwa wanapeleka kwa mtu wa wizi wa nyaya.

"Nimefikiri sana," alisema. "Kuna mahakama moja juu ya ile. Nataka kukata rufaa."

"Rufaa ya nini?" dada akauliza. "Umeshinda."

"Si miaka. Maneno. Yale maneno yafutwe. 'Asijue anachokoroga.' Hiyo imeandikwa, mke wangu, itasomwa na wanasheria mpaka kiama. Wajukuu wataisoma."

"Na wakifuta maneno, si wanarudisha miaka?"

Profesa alitazama wavu. "Wakili anasema inawezekana warudishe," alisema. "Lakini heshima ya mtu nayo ina..."

Dada aliinuka nusu, akaegemea mbele mpaka pua yake ikagusa wavu. Sijawahi kumsikia akisema polepole kiasi kile.

"Sikiliza, baba watoto. Miaka sita ile si yako. Ile ni yangu. Nimeisoma ukurasa kwa ukurasa ikiwa bado ya moto, nimegombana na mama yangu kwa ajili yake, nimekaa kwenye benchi nikisikia watu wanakucheka na nikashukuru Mungu kwamba wanacheka. Nitalala na mtu kitandani miaka sita mapema. Ukiirudisha kwa sababu ya maneno, itabidi utafute na mke wa kuitumikia pamoja nawe, maana mimi sitakuwepo."

Askari wa mlangoni alijifanya anasoma tangazo la ukutani. Profesa alikuwa anasugua meza kwa kidole gumba, mahali pamoja, kama kuna doa. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nilimwangalia mtu yule niliyemcheka mtaa mzima na nikaona amezeeka shingoni.

Nilitaka kumpa salamu za mwuza mboga. Nilikuwa nimezibeba mpaka pale. Nikampa, neno kwa neno, hadi ile ya mlango wa choo. Kidole kikasimama.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Msichana mdogo tu."

"Mimi sikuwahi kuwaona," alisema. "Breki alikuwa anatoa mzigo kwa nyuma. Mimi nilikuwa sioni mtu." Safari hii hakusema umeme ulikuwa unakatika.

Kengele ya kwanza ikalia. Dada akaanza kukusanya mkoba wake. Profesa akamuuliza watoto wanaendeleaje.

"Wazima. Mdogo anauliza baba alikuwa anafanya kazi gani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje? Nimemwambia alikuwa anakoroga."

Profesa aliipokea hiyo. Wageni wengine walikuwa wameshaanza kusimama, mabenchi yanaburuzwa, mtu anaita jina la mtu kwa mara ya mwisho.

"Mwambie," alisema hatimaye, na akanyoosha mgongo kidogo, hakuweza kujizuia, "mwambie nilikuwa nakoroga bila kumwaga."

Dada alimtazama muda mrefu. Kisha alicheka, vibaya, puani, kama mtu aliyepaliwa, na alipokwisha kucheka akamwambia atamletea dawa ya mswaki na soksi, na kwamba asimwandikie wakili barua yoyote kabla ya kumwonyesha yeye.